Kila saa 8: shajara ya mradi wa lebo katika mwaka wangu wa utarajali, Moshi

Novemba, wiki ya 1

Nimeripoti hospitalini Jumatatu. Asubuhi Kibo ilikuwa wazi tangu theluji hadi msituni, na jioni nilirudi nyumbani na koti jeupe, kitambulisho cha kamba na daftari nene lenye safu ya saini upande wa kulia wa kila ukurasa.

Niiandike njia yenyewe ya kuwa mfamasia mara moja, maana mdogo wangu yuko kidato cha sita, anasoma PCB, na kila akipiga simu ananiuliza kipande kimoja. Ukishafaulu Fizikia, Kemia na Biolojia unaomba Shahada ya Famasi. Ni miaka minne. Mimi nimesoma Muhimbili, wenzangu wengine wamesoma Bugando kule Mwanza na St. John's Dodoma. Ukihitimu bado wewe si mfamasia. Baraza la Famasi linakupa usajili wa muda, unapangiwa kituo, na unafanya utarajali wa miezi 12 chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Unachofanya unakiandika daftarini, yeye anasaini. Daftari likikamilika ndipo unapata cheti cha kumaliza utarajali, na cheti hicho ndicho unachopeleka Baraza kuomba usajili kamili. Hata ukishaupata, leseni inahuishwa kila mwaka, na lazima uoneshe kwamba umeendelea kujifunza.

Kitu kingine ambacho watu wa mtaani kwetu wanakichanganya: Sheria ya Famasi ya 2011 inatutofautisha. Mfamasia anasajiliwa. Fundi dawa sanifu, mwenye stashahada ya miaka mitatu, anaandikishwa. Fundi dawa msaidizi anaorodheshwa. Dirishani wote tunaitwa dokta.

Kila mtarajali hapa anapewa kazi ya kuboresha jambo moja kabla mwaka haujaisha. Sijachagua.

Novemba, wiki ya 3

Ghala. Mzigo kutoka Bohari ya Dawa umeingia, maboksi mpaka mlangoni. Kazi ni kuhesabu, kuandika kwenye leja na kwenye kadi ya kila dawa, na kupanga zile zinazokaribia kuisha muda mbele ili zitoke kwanza. Kadi ya amoksilini ya unga ilisema chupa nyingi kuliko nilizoziona. Nimezikuta nyuma ya dripu, boksi zima, na muda wake unaisha kabla ya zile za mbele. Zingekaa pale mpaka zichomwe.

Desemba, wiki ya 2

Tumetengeneza kitakasa mikono, lita 10, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka mstari wa lita 10. Gliserini inang'ang'ania kwenye kipimo. Unasuuza kipimo kwa maji hayo hayo na kuyamimina ndani, la sivyo umepunja mchanganyiko bila kujua.

Wodi zilikuwa zimeshapiga simu mara mbili, nami nikataka kujaza chupa ndogo mchana huo huo. Mfamasia msimamizi wangu (namwita dada, ingawa ni rika la shangazi zangu) akaniuliza chupa zimetoka wapi. Kumbe mchanganyiko unawekwa kando masaa 72 kabla ya kutumika, kwa sababu peroksaidi inahitaji muda huo kuua mbegu za bakteria zilizokuwemo kwenye spiriti au kwenye chupa zenyewe. Chuoni nililisoma hili na nikalijibu kwenye mtihani. Leo nimelishika kwa mara ya kwanza.

Januari, wiki ya 2

Jumanne. Mama mmoja wa Pasua amerudi na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Sikio bado linatoa usaha na homa haijashuka. Nilimkumbuka mara moja, kwa kuwa Ijumaa asubuhi mimi ndiye niliyempa dawa.

Nikaomba anioneshe chupa. Amoksilini, mililita 100, alikuwa ameifunga vizuri ndani ya kitambaa. Kwa mililita 5 mara tatu kwa siku ilipaswa kuwa imeshuka chini ya nusu. Haikuwa imefika nusu.

"Mama, umekuwa ukimpaje?"

"Kama mlivyoandika, dokta. Kila saa nane. Saa nane mchana nampa, na saa nane usiku naamka nampa. Niliweka alamu kwenye simu, sijakosa hata siku moja."

Kwenye chupa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *ml 5 kila saa 8*.

Hakukosea kitu. Kwa Kiswahili chetu saa nane ni saa nane, jua likiwa limevuka utosi, na nyingine ni ile ya usiku wa manane. Mimi nilikuwa naandika muda unaopita kati ya dozi na dozi. Yeye akasoma saa ya ukutani, na akaitii kuliko wengi wanavyotii. Siku nne mtoto amekuwa akipata dozi mbili badala ya tatu, na mama akilala kwa mapande.

Nimempeleka kwa daktari, mtoto amepimwa upya na kuanzishiwa dozi. Nimemwomba radhi mama. Yeye akaniambia, "Usijali mwanangu, mtoto si yupo." Nimejaza fomu ya tukio kwa jina langu. Dada ameisoma, hakunigombeza, akasema tu: "Mradi wako huo hapo."

Januari, wiki ya 4

Kabla ya kuandika lebo mpya nataka kujua zile za zamani zinasomwaje. Kwa hiyo kila siku nikitoka dirishani saa tisa na nusu nakaa na wagonjwa kwenye benchi, nawaomba waninong'oneze walichoelewa. Siwapimi wao, nawaeleza hivyo kwanza, kwamba tunaipima karatasi.

Haya ndiyo niliyoyasikia.

*1x3*, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Kijana fundi wa pikipiki: kidonge kimoja kila baada ya siku tatu. Mama muuza ndizi Mbuyuni: kidonge kimoja, siku tatu, basi. Wapo walioielewa sawasawa, na nilipouliza wamejuaje, walisema waliwahi kuambiwa kwa mdomo huko nyuma. Karatasi yenyewe haikuwafundisha.

*Moja kutwa mara tatu.* Haya ndiyo maneno tuliyokulia nayo, yako kwenye bahasha za dawa tangu enzi za bibi zetu, na sikuwahi kuyatilia shaka. Bibi mmoja wa Kibosho akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kutwa ni mchana. Usiku unaitwa kucha. Nakunywa asubuhi, mchana, na jioni kabla jua halijazama." Yuko sahihi. Hata kamusi iko upande wake, na sisi wenyewe tunasema kutwa kucha tukitaka kutaja yote mawili. Dozi zake tatu zinabanana ndani ya masaa kumi na moja, halafu usiku mzima dawa inapungua mwilini bila nyingine kuongezwa.

*Kila baada ya masaa 8.* Mwalimu wangu wa Kiswahili pale sekondari alikuwa anakata neno masaa kwa kalamu nyekundu kila alipoliona. Saa haina wingi wa ma-, alisema. Lakini mtaani watu wametumia masaa kutenganisha muda na saa ya ukutani, na lebo yenye masaa imeeleweka vizuri zaidi ya ile yenye saa. Nitaliandika, mwalimu atanisamehe. Hata hivyo halitoshi. Baba mmoja alielewa kabisa kuwa ni muda, kisha akakwama kwenye hesabu: akianza saa tatu asubuhi, inayofuata ni saa ngapi? Alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena. Ana mtoto mwenye homa begani, anasubiri Hiace ya Rau, nami namtaka afanye hesabu.

Februari, wiki ya 3

Rasimu ya kwanza. Hesabu tunaifanya sisi, mgonjwa anapewa saa:

*Mililita 5, mara 3 kwa siku. Saa 12 asubuhi. Saa 8 mchana. Saa 4 usiku. Siku 7.*

Hapa saa nane imerudi, na safari hii inamaanisha saa nane kweli.

Tatizo limejitokeza siku ya kwanza ya kuijaribu. Mama amefika dirishani saa tano. Je, asubiri mpaka saa nane, au ampe sasa? Akimpa sasa, ya saa nane inakuwaje? Nimeongeza mstari wa juu unaojazwa kwa kalamu pale pale: *Leo anza saa ___, halafu saa ___.* Kuanzia kesho anafuata saa zilizochapwa.

La pili nimelijua kwa bahati tu. Nilikuwa nabandika lebo kwenye boksi. Mzee mmoja akalitupa boksi kwenye pipa la mlangoni mbele ya macho yangu, akaweka chupa mfukoni. Lebo sasa inakaa kwenye chupa, upande usio na mstari wa kujazia maji, na kalamu ni ile isiyofutika, maana dawa ikichuruzika wino wa kawaida unaondoka wote.

Machi, wiki ya 2

Masika imeanza, Moshi matope. Nimeweka picha kwa ajili ya wasiosoma: jua likichomoza, jua la utosini, mwezi mwandamo. Jua limeeleweka. Bibi aliyeletwa na mjukuu akauangalia mwezi muda mrefu, akasema, "Na hii ya tatu anywe akishakula ndizi?"

Nimeuangalia tena kwa macho yake. Ni ndizi. Katika mji huu, ambako mgomba uko nyuma ya kila nyumba, mchoro wa umbo lile ni ndizi kabla haujawa kitu kingine. Nimeuondoa na kuweka mtu amelala kitandani. Picha hiyo nimeijaribu wiki nzima na haijamchanganya mtu.

Aprili, wiki ya 1 hadi ya 4

Wodi ya watoto wachanga. Mradi umesimama, sina hata dakika, lakini mwezi huu umenifundisha kwa nini miezi 12 haiwezi kufanywa darasani.

Raundi ya Alhamisi, mtoto wa siku tisa, ameandikiwa seftriaksoni. Kwenye kitanda hicho hicho ilikuwa inaning'inia dripu ya Ringer, ambayo ina kalsiamu. Kwa mtoto aliye ndani ya siku 28 za kwanza viwili hivyo haviruhusiwi pamoja: seftriaksoni inashikana na kalsiamu na kuganda kuwa chembe, na chembe hizo zimewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto waliofariki. Nililijua. Moyo ulinienda mbio kama niko mtihanini, kwa kuwa daktari alikuwa mkubwa kwangu kwa kila kitu na nesi alishachanganya dawa. Nikasema, "Samahani daktari, naomba tuangalie dripu kwanza." Akaangalia. Akabadilisha dawa palepale, akaniambia niandike kwenye faili la mgonjwa. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, na saini ya ukurasa ule aliiweka tukiwa bado wodini.

Mei, wiki ya 2

Hili limeniuma, na naliandika lilivyokuwa.

Nimepeleka daftari lisainiwe kwa robo mbili zilizopita. Dada amesaini ghala, maabara ya kuchanganyia, wodi. Kwenye *ushauri kwa mgonjwa*, Novemba hadi Januari, ameacha wazi. Nikamwambia nilitoa dawa kwa mamia ya watu miezi ile. Akasema, "Kutoa nilikuona. Kushauri sikukuona." Akanirudishia.

Nilitoka nimekasirika. Nilipokuwa mwanafunzi, kwenye mafunzo ya likizo, nilipelekwa famasi moja ambako mhusika alinisainia wiki zote nane siku moja, akiwa anaongea na simu, na hakufungua hata ukurasa wa katikati. Kipindi kile nilishukuru. Sasa nikifikiria kuwa kuna mtu amepata usajili kwa saini za namna ile, na kesho ni mfamasia msimamizi wa duka, kwa kuwa kila famasi inatakiwa kuwa na mfamasia aliyesajiliwa anayeisimamia, napata baridi. Baraza liko Dodoma. Haliwezi kuniona nikiwa dirishani. Linachokiona ni safu ile ya kulia tu, na kila saini ndani yake inawaambia kwamba kuna mtu alisimama hapo akatazama.

Mwanafunzi mwenzangu wa zamani yuko Uingereza, huko wana mwaka wa mafunzo wa wiki 52 baada ya shahada ya miaka minne, pamoja na mtihani wa usajili. Mwingine yuko Nairobi, shahada yao ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Nimewauliza wote wawili kuhusu saini. Wote wawili wana mtu mmoja anayewasumbua kama dada anavyonisumbua mimi.

Tumekubaliana nirudi dirishani Agosti na Septemba, yeye akiwa kiti cha pembeni.

Juni na Julai

Famasi ya mjini, karibu na stendi. Baridi ya Moshi, watu wanaingia wamejifunika mashuka, wote wanataka dawa ya kikohozi, na nusu yao wanaomba antibiotiki kwa jina bila cheti cha daktari. Kukataa kunahitaji maneno mengi kuliko kukubali. Mwenye duka, kwa heshima yake, hajanishinikiza hata mara moja niuze.

Meku (mzee) mmoja kaandikiwa metronidazo. Nikamwambia asinywe pombe mpaka amalize dozi, na siku mbili baadaye pia asinywe. Akasema hanywi pombe. Nikampa dawa, akafika mlangoni, akageuka: "Mbege nayo ni pombe?" Jumamosi walikuwa na shughuli ya ukoo. Tukakaa tukaongea. Tangu siku hiyo siulizi tena kama mtu anakunywa pombe, nauliza kama anakunywa mbege, bia au chochote cha kwenye kibuyu.

Agosti, wiki ya 3

Dirishani tena. Utaratibu mpya: nikishatoa dawa na kubandika lebo, namwomba mama anirudishie kwa maneno yake, na kama ni dawa ya maji anivutie kipimo kwenye sirinji ya kunyweshea, mbele yangu, kwa maji. Kijiko nimekiacha. Vijiko vya nyumbani havilingani, nimevipima vitatu vilivyoletwa na akina mama na hakuna viwili vilivyotoa ujazo mmoja.

Unga tunauchanganyia hapa hapa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa: unagongagonga chupa unga uachie, maji nusu, unatikisa, povu linatulia, ndipo unaongeza hadi mstari. Ukiangalia mstari povu likiwa bado juu, unaweka maji pungufu na kila dozi inakuwa kali kuliko iliyokusudiwa. Nimemwonesha mama mmoja akiwa ameinamisha kichwa usawa wa mstari, akasema, "Kumbe ndiyo maana ile ya kwanza ilikuwa nzito."

Malalamiko yapo. Foleni inakua, na fundi dawa sanifu wa dirisha la pili, kaka mzoefu ninayemheshimu, ameniambia wazi kuwa siku ya Jumatatu haiwezekani kumrudishisha kila mtu. Ana haki. Tumekaa watatu na dada, tukakubaliana kurudishisha ni lazima kwa makundi machache: watoto chini ya miaka mitano, dawa ya unga, dawa mseto ya malaria, na yeyote anayeanza dawa kwa mara ya kwanza. Wengine wanapata lebo na maelezo.

Septemba, wiki ya 2

Lebo ya dawa mseto imekuwa ngumu kuliko zote. Dozi sita, siku tatu, lakini ya pili inakuja masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha zinazobaki ni kila baada ya masaa 12. Nimeifanya ijazwe kwa kalamu nzima. Mfano wa leo: mgonjwa amemeza saa 5 asubuhi hapa dirishani, ya pili saa 1 jioni, kesho na kesho kutwa saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Chini yake: *meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa*, kwa kuwa bila mafuta mwili unanyonya kidogo. Kaka wa dirisha la pili ndiye aliyependekeza neno *maziwa* liandikwe kwa herufi kubwa. Lebo hii sasa anaitumia bila mimi kuwepo.

Dada amesaini ushauri kwa mgonjwa, kurasa zote, tarehe za Agosti na Septemba. Zile za Novemba hadi Januari zimebaki wazi na zitabaki hivyo.

Oktoba, wiki ya 4

Makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cha chuo, cha usajili wa muda, picha ndogo. Cheti cha kumaliza utarajali nimekipata jana saa nane na robo mchana. Namba ya malipo imetoka, nimelipa, ombi limeenda. Mdogo wangu amepata nakala ya orodha hii yote, akaanze kutunza vyake kwenye bahasha moja kuanzia sasa. Mimi nilipoteza siku mbili kutafuta cheti cha kuzaliwa kilichokuwa ndani ya Biblia ya mama.

Hali ya mradi: lebo za dawa za maji na dawa mseto zinatumika madirisha yote mawili. *1x3* imeondolewa kwenye bahasha zinazochapwa upya, zile za zamani zinamalizwa kwa kuandikiwa saa kwa mkono. *Kutwa* imebaki kwenye dawa za mara moja kwa siku, ambako haimchanganyi mtu.

Matone ya macho bado. Mgonjwa wa macho ndiye asiyeweza kusoma lebo yangu, na herufi kubwa hazitoshi kwenye chupa ya mililita 10. Nimemwachia mtarajali anayekuja rasimu mbili, daftari la maneno niliyosikia, na benchi la kukalia: lile la karibu na maabara, lina kivuli mpaka saa kumi na watu hapo hawana haraka.